Mita 41 za Kutembea Peke Yako

Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105, ukitoka mstari wa katikati mpaka kwenye nukta ya penati ni mita 41 na nusu, na nyie mliocheza mnajua kwamba hizo mita hamna mtu anakusindikiza. Wenzako wamebaki huko nyuma wameshikana mabega, kocha yuko nje, kipa wa wapinzani anarukaruka kwenye mstari wake, na wewe unatembea. Ni kama nusu dakika hivi kwa mwendo wa kawaida.

Naanza na hizo mita kwa sababu kuna dogo wetu mmoja, winga wa kushoto, miaka 16, wiki ile ya fainali ya vijana pale uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza, alikuwa hakosi penati mazoezini. Hakosi kabisa nawaambia, Jumanne kapiga kumi zote zikalala wavuni, Alhamisi vilevile, mpaka kipa wetu akawa analalamika kwamba huyu apigiwe na mwingine. Jumamosi mechi ikaisha sare tukaenda matuta, ye akawa mpigaji wa nne, akatembea zile mita kichwa chini, akaweka mpira bila hata kuukagua umekaaje, akampa kipa mgongo wakati anarudi nyuma kuchukua hatua zake, refa anapuliza tu filimbi na dogo kashaondoka, yaani filimbi na mguu vikawa kitu kimoja, mpira ukapita juu ya mtambaa panya ukaenda zake.

Kabla hajafika hata kwa wenzake maneno yalishaanza nyuma ya goli. "Hana moyo huyo." "Kachezewa." Mmoja, mtu mzima kabisa na ndevu zake, akasema kauza mechi, anamsemea mtoto wa miaka 16. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo lilikuwa la maana kuliko yote siku ile, kwamba hivi huyu mtoto ndani ya ile nusu dakika alipatwa na nini?

Na mimi nilikuwepo kwenye benchi, ni kocha msaidizi. Dakika tano kabla ya matuta tulikuwa tumewazunguka vijana tunawapigia kelele, mnataka kutuaibisha, mji mzima unawaangalia, anayeogopa aseme sasa hivi. Tuliona tunawapandisha mzuka. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, nimesoma nilichoweza kusoma, nimeongea na wachezaji wa zamani hapa Mwanza, na nimefika mahali naona kwamba makocha wengi wa vijana, mimi nikiwemo, tuna dawa moja tu ya kila ugonjwa, nayo ni mzuka, na tunaimimina saa ambayo vijana wengi tayari wameshajaa mpaka inamwagika.

Tutenganishe maneno kwanza maana tunayachanganya sana. Kuna msongo, kuna mzuka, kuna mchecheto. Msongo ni ile hesabu anayofanya mtu kati ya mzigo uliopo na nguvu alizonazo. Mvuvi wa dagaa aliyeanza juzi na mvuvi wa miaka 20 wakikutwa na upepo usiku huko katikati ya ziwa, wimbi ni lilelile, mtumbwi ni uleule, ila mmoja anaona kifo na mwingine anaona kazi. Kwa hiyo ukisema "mechi kubwa ina presha" hujamaliza, mechi yenyewe haina presha, presha inazaliwa pale mchezaji anapojipima nayo na kujiona kapungukiwa.

Mzuka ni mwili kuwaka, basi. Mapigo ya moyo, pumzi, misuli kukaza, macho kuwa makali. Sio kitu kizuri wala kibaya, ni kama gia ya injini, kuna mtu anaamka na mzuka kwa sababu kapata kazi na kuna mwingine anao kwa sababu kafukuzwa na mbwa. Sasa mchecheto ndo ule mzuka ukichanganyika na mawazo mabaya, nikikosa je, watanichekaje, mzee atasemaje nyumbani. Na hata huo mchecheto una sehemu mbili, Mmarekani Rainer Martens na wenzake walitengeneza dodoso la kuwapima wanamichezo kabla ya shindano ambalo linatenganisha mchecheto wa kichwani, mchecheto wa mwilini, na kujiamini, vitu vitatu vinavyopimwa mbalimbali. Ule wa mwilini mara nyingi unapanda kadiri mechi inavyokaribia alafu unashuka mpira ukishaanza. Wa kichwani hausikilizi filimbi, unapanda na kushuka kulingana na mtu anavyojiona atashinda au atashindwa.

Hilo peke yake linanieleza kitu kuhusu dogo wetu. Ndani ya dakika 90 alikuwa vizuri, anakimbia, anakaba, hana muda wa kuwaza. Matuta yanamnyima mtu vyote hivyo, yanamsimamisha, mwili umeshapoa nusu, alafu yanampa nusu dakika nzima ya kutembea na kichwa chake.

Ubongo ukiona hatari hauulizi kama ni mamba au ni kipa. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, damu inapunguzwa tumboni inapelekwa kwenye misuli, ndo maana kabla ya mechi utaona vijana wanapanga foleni chooni na mwingine anakwambia mwalimu tumbo linanikoroga, na sisi tunamjibu acha uoga. Sio uoga, ni damu imehama. Mdomo unakauka, viganja vinalowa. Misuli ya mguu inayosukuma na ile inayovuta inakaza kwa pamoja, kwa hiyo mguu unakuwa mgumu kama ubao, na mpira unaopigwa na mguu mgumu unaenda juu, kila mtu aliyecheza anajua. Alafu kuna homoni nyingine, kotisoli, hiyo inachelewa, inafika kileleni kama dakika 20 mpaka 30 baada ya kishindo chenyewe, maana yake zile kelele tunazowapigia vijana kabla ya mechi zinaweza kuwa zinafanya kazi mwilini wakati sisi tumeshasahau tulisema nini.

Macho nayo. Mwaka 1959 mtafiti Easterbrook aliandika kwamba mzuka ukipanda uangalifu wa mtu unabana, na mwanzoni inasaidia, unaacha kuona mabango na mashabiki unabaki na mpira na kipa, ila ukizidi kubana unaanza kupoteza na vitu unavyovihitaji. Beki anaufuata mpira tu haoni mtu aliyemzunguka mgongoni. Sisi nje tunasema ana wenge leo. Kumbe kweli haoni.

Watu wakiongelea haya mambo lazima watataja Yerkes na Dodson, 1908, ile picha ya kilima, kwamba mzuka ukiwa mdogo unafanya vibaya, ukiwa wa kati unafanya vizuri, ukizidi unashuka tena. Mi nawaomba tukiitumia tukumbuke kwamba wale jamaa walikuwa wanapima panya wanaojifunza kuchagua njia kwa kupigwa shoti ya umeme, hawakupima mchezaji hata mmoja. Ila kuna kitu walikiona ambacho huwa kinarukwa, nacho ndo cha maana kwetu, kwamba kazi ikiwa rahisi shoti kali haikuwa na tatizo, kazi ikiwa ngumu shoti kali ilikuwa inaharibu mapema.

Hapa Mwanza mfano upo, tena mzuri. Nendeni mkaangalie mashindano ya mitumbwi kule Mwaloni Kirumba. Wapiga kasia wale wanahitaji mzuka mpaka basi, ngoma, nyimbo, watu wameingia majini mpaka kiunoni wanapiga kelele, na kadiri kelele zinavyozidi ndo makasia yanazama kwa nguvu zaidi, maana kazi ni mgongo na mikono na mapafu, mwendo uleule mmoja unarudiwa mara mia. Ila mwangalieni aliyekaa nyuma anayeongoza mtumbwi. Huyo hapigi kelele za hovyo, anaangalia upepo, anaangalia kona ya boya, na siku akipandwa na mzuka kama wa wenzake mtumbwi unaenda kugonga. Wako kwenye mtumbwi mmoja, shindano moja, ila mahitaji ya mzuka ni tofauti kabisa. Mpiga penati ni yule wa nyuma, na sisi tunamshangilia kama mpiga kasia.

Na hata ukiweka kazi ileile moja, watu hawafanani. Yuri Hanin, mwanasaikolojia wa Urusi, alifuatilia wanamichezo mmoja mmoja na akasema kila mtu ana eneo lake ambalo akiwa hapo anafanya vizuri, kuna wa chini, kuna wa kati, kuna ambao bila kuchemka hawachezi. Kocha wa timu ya vijana analiona hili kila Jumamosi kama akiamua kuangalia. Tukiwa kwenye daladala la kukodi kwenda kwenye mechi kuna wawili wanaimba kuanzia Buhongwa mpaka tunafika mjini, kuna mmoja anasinzia, kipa wetu huwa haongei kabisa na mtu. Tulikuwa tunamwamsha yule anayesinzia, tunamgombeza kwamba hana uchungu na timu. Nimerudi nyuma kuwaza mechi zake, alicheza vibaya zile siku tulizomwamsha kwa kelele. Hilo sio utafiti, ni kumbukumbu yangu, ila limenitosha kumwacha alale.

Kitu kingine ambacho kilima hakikisemi, ila Fazey na Hardy wa Uingereza walikisema mwishoni mwa miaka ya 1980, ni kwamba mtu mwenye wasiwasi mkubwa kichwani akizidisha mzuka hashuki taratibu kama anayeteremka kilima, anadondoka kama anayedondoka kwenye jabali, na akishadondoka kupunguza kidogo hakumrudishi juu, lazima atulie sana, ashuke chini kabisa, ndo aanze kupanda upya. Anayekaa Mwanza haelezwi jabali ni nini. Nikiwaza timu zetu za vijana, ile mnafungwa goli moja dakika ya 70 na ndani ya dakika sita mmefungwa matatu, naona hicho kitu. Na kocha anafanya nini pale? Anasimama kwenye mstari anapiga kelele zaidi.

Turudi kwenye matuta maana ndo yamechunguzwa kuliko kitu chochote. Geir Jordet wa Norway na wenzake walikaa na video za matuta ya mashindano makubwa, Kombe la Dunia, Ulaya, wakaona kwamba kwenye tuta ambalo ukifunga mmeshinda hapohapo, wapigaji walifunga zaidi ya 9 kati ya 10, na kwenye tuta ambalo ukikosa mmetolewa, walifunga kama 6 tu kati ya 10. Wachezaji wa kiwango kilekile, mita 11 zilezile, goli ni lilelile la mita 7.32 kwa 2.44. Kilichobadilika ni sentensi iliyoko kichwani, moja inasema tunakwenda kushinda na nyingine inasema nisije nikawa mimi. Na wakaona pia tabia za mwili, wanaompa kipa mgongo, wanaokimbilia mpira filimbi ikilia tu, kwamba ni watu wanaotaka yaishe haraka waondoke, na wanaofanya haraka hivyo wanakosa zaidi. Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya, maana ni dogo wetu alivyo, mgongo, haraka, kila kitu.

Hata kipa ana mchecheto wake. Michael Bar-Eli na wenzake wa Israeli mwaka 2007 walichambua penati 286, mipira karibu 29 kati ya 100 ilienda katikati, ila makipa walibaki katikati kama mara 6 tu kati ya 100. Kwa nini wanaruka? Kwa sababu kipa aliyeruka akafungwa anaonekana amejitahidi, aliyesimama akafungwa anaonekana mzembe, watu watamsema. Yaani lawama zinazomsubiri zinamchagulia upande kabla mpira haujapigwa. Haya ni mambo ya makipa wa kulipwa, sasa chukua mtoto wa Mabatini ambaye nyuma ya goli lake wamesimama majirani wanaomjua kwa jina na kwa jina la mama yake.

Wadau wa Simba wanakumbuka Casablanca Aprili 2023, robo fainali na Wydad, matuta 4-3, wa Yanga wanakumbuka Pretoria Aprili 2024 na Mamelodi Sundowns, matuta 3-2. Asubuhi ya kesho yake hapa mjini kila kijiwe kilikuwa na orodha ya majina ya waliokosa, wanatajwa kama wezi. Nilichojifunza pale ni kwamba watoto wanasikiliza. Wale wadogo tunaowafundisha wanakaa pembeni ya kijiwe wanaona mtu mzima aliyekosa penati anafanywa nini, na siku yao ya kutembea zile mita wanatembea na kijiwe chote kichwani.

Kuna picha nyingine ambayo ningependa wapewe hao watoto. Asamoah Gyan wa Ghana, Johannesburg, Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia na Uruguay, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza anapewa penati, akifunga Ghana inakuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali. Akagonga mtambaa panya. Dakika chache baadae yakaanza matuta na Gyan huyohuyo akatembea tena, mpigaji wa kwanza wa Ghana, akafunga. Ghana walitolewa 4-2, na watu wengi wanakumbuka lile alilokosa tu, mi ninachoona kikubwa ni ile safari ya pili kutoka katikati ya uwanja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni zito kidogo kulisema huku kwetu, kamati ya ufundi, yaani wale wanaoshughulikia ushirikina wa timu. Wote tunajua kamati ya ufundi ni nini, na sio kwamba natania. Timu ya vijana wanaambiwa msipite mlango mkubwa, rukeni ukuta, msishikane mikono na wapinzani, kuna kitu kimefukiwa golini. Mimi nimezaliwa Usukumani, nimekua naona wacheza ngoma wa Kigika na Kigalu wanavyoshindana kule Bujora, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na anayevuta watu wengi ndo ameshinda, na kila upande una dawa zake, hakuna mtu anawacheka. Nimewaza sana kwa nini mambo haya hayaishi na jibu langu ni kwamba yanampa mtu kitu cha kufanya na hofu yake. Anafanya hatua fulani kwa mpangilio fulani, zilezile kila mara, anasikia kwamba amejiandaa, moyo unatulia. Hilo ni kweli kabisa linatokea. Ila gharama yake ndo hii, siku akiona upande wa pili nao umefanya lake, au amesahau hatua moja, anaingia uwanjani tayari amefungwa. Nilishuhudia kijana wetu mmoja anakataa kusogelea goli kwa sababu aliona unga mweupe kwenye nguzo. Ilikuwa chokaa ya mistari. Ukimweka mtoto kwenye hali ambayo kushinda kwake kuko kwenye mkono wa mtu mwingine umempandishia msongo palepale, maana hesabu ya nguvu zake umeifanya sifuri.

Ule mpangilio tunaweza kuutunza tukaacha ile hofu. Mpigaji awe na hatua zake mwenyewe, zake, hazitoki kwa mtu. Dogo wetu sasa anazo, anauzungusha mpira mpaka tundu la pampu limwangalie, anarudi hatua nne uso ukiwa kwa kipa, anatoa pumzi ndefu, refa akipuliza filimbi anasubiri pumzi nyingine moja ndo anaenda. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuingiza, hiyo sio mapambo, pumzi ndefu ya kutoa inapunguza kasi ya moyo, ni moja ya vitu vichache mtu anaweza kuugusa moyo wake kwa makusudi. Na hatumwambii tena apige na ndani ya mguu, alaze mwili, afunge kifundo. Tulikuwa tunamwambia hayo yote kwenye duara kabla ya tuta! Rich Masters, Uingereza, 1992, alifundisha watu kupiga gofu, wengine kwa maelezo mengi na wengine bila maelezo huku wakipewa kazi nyingine ya kushughulisha kichwa, ilipokuja presha waliojazwa maelezo ndo waliharibikiwa. Mtu akipanikishwa anarudi kwenye maelezo, anaanza kuuongoza mguu kipande kipande kama mtu anayejifunza kutembea, mguu ambao Jumanne ulikuwa unajiendea wenyewe.

Neno "tulia" pia nimeliacha, na hili lilinishangaza. Alison Wood Brooks wa Harvard mwaka 2014 aliwaweka watu kwenye kuimba mbele za watu, kutoa hotuba, kufanya hesabu, na waliojiambia kwamba wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Ukiwaza ina akili, moyo unaenda mbio, umwambie mtu atulie unamwambia afanye kitu ambacho mwili umeshakataa, na akishindwa kutulia ndo anajiona kabisa kwamba ana tatizo. Sisi Waswahili tulikuwa na maneno yote mawili tangu zamani mtaani, mchecheto na mzuka, kwa mapigo yaleyale ya moyo. Kwa hiyo sipingani na mzuka wenyewe, nieleweke hapo, napingana na kummiminia mtu mzuka uliochanganywa na vitisho. Mtoto akisema mwenyewe "mwalimu nina mzuka" huku mikono inatetemeka, ameshachagua jina, na ni jina linalomwambia kwamba mwili wake uko upande wake.

Kwa wale wanaosema haya mambo ya wazungu, mchezaji mwenye moyo ana moyo tu, naomba mwangalie Simone Biles, bingwa wa dunia wa jimnastiki mara nyingi, ambaye Tokyo 2021 alijitoa kwenye mashindano kwa sababu akiwa hewani alikuwa hajui tena yuko upande gani, na kwa mchezo ule kukosea kutua ni shingo. Siku chache baadae akarudi akachukua shaba, na Paris 2024 akachukua dhahabu tatu. Nani atasema huyo hana moyo?

Mazoezini sasa tunafanya tofauti. Zamani penati tulikuwa tunapiga mwisho wa mazoezi, kumi kumi, watu wanacheka, mpira unarudishwa unapiga tena. Hiyo inafundisha mguu na haifundishi kutembea. Waholanzi Oudejans na Pijpers waliwafundisha watu kurusha vishale wakiwa wamening'inia juu kwenye ukuta wa kupanda, ili wajifunze na ule mchecheto kidogo ndani yake, na walipopimwa baadae kwenye presha walishikilia kiwango, wakati waliojifunza chini bila presha walishuka. Kwa hiyo sasa kila Alhamisi kila mmoja ana tuta moja. Moja tu, hakuna marudio mpaka wiki ijayo. Wanakimbia kwanza mpaka wachoke, wanasimama katikati wameshikana mabega, anaitwa jina, anatembea. Mabinti wa timu ya netiboli wanaofanya mazoezi jirani tuliwaomba wakae nyuma ya goli wazomee, na wanazomea vizuri kweli, na wao tunaenda kuwazomea siku yao maana wanajiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na huko mtupaji wa goli anasimama mbele ya shule nzima.

Kelele hizo za kuzomea zina tofauti na zile zetu za mwanzo, watu wameniuliza. Tofauti ni kwamba anajua zinakuja, zinaanza ndogo, na akikosa hakuna anayemgusa, anarudi anashikana mabega na wenzake kama aliyefunga. Hilo la mwisho ndo tulilishughulikia kuliko yote, tuliwakalisha wazazi na wale jamaa wa nyuma ya goli tukawaambia wazi, mkimtukana mtoto tunaitoa timu uwanjani. Wawili walikasirika wakaondoka. Wengine wamebaki.

Dogo mwenyewe baada ya fainali hakuja mazoezini wiki tatu. Nilimfuata kwao, baba yake ni mvuvi wa dagaa, nikamkuta mzee anatengeneza taa zake za usiku, nikamsalimia nikaeleza kilichonileta na sehemu yangu katika yale makosa. Akanisikiliza akaniambia kijana halali vizuri, anaamka usiku. Akasema na yeye mwaka wa kwanza ziwani baada ya kupinduka alikuwa anaamka hivyohivyo, na aliyemrudisha majini ni kaka yake, alimpeleka mchana, karibu na ufukwe, siku nyingi, kabla hajampeleka usiku.

Tulifanya hivyo. Mwanzoni dogo alikuwa anatembea tu zile mita, bila mpira, anafika kwenye nukta anageuka anarudi. Alafu na mpira bila kipa. Sasa hivi yuko na kipa na wazomeaji, katika Alhamisi sita zilizopita kafunga nne, wiki iliyopita alikosa, akarudi kwenye mstari akisema kwa sauti tetemeko lilikuwa kwenye goti la kushoto tu, lile la kulia lilikuwa freshi. Tuna mechi ya mtoano wiki ijayo na nimemuuliza kama tukifika matuta niandike jina lake. Kaniambia niandike wa tatu, sio wa nne.